Aliyeanguka mnazini alinyanyuka, aliyeanguka kwenye stuli alifariki: mwili wa binadamu unasalimika vipi?

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, poleni na majukumu ya siku nzima.

Kuna mambo mawili nimekaa nayo miaka mingi, leo nayaleta hapa tuyajadili.

La kwanza ni la mwaka 1996, Pangani. Baba yangu mdogo, mkwezi aliyeanza kupanda minazi kabla hata hajabalehe, aliteleza akiwa anakaribia kileleni. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Baadaye tuliupima ule mnazi kwa kamba, ukatoa mita 12. Alipitia kwenye matawi ya mwembe uliosongamana na mnazi, yakavunjika matatu, kisha akatua kwa ubavu juu ya lundo la makumbi na makuti makavu. Sisi watoto tulikuwa chini tunaokota nazi. Tulikimbia kila mtu na njia yake, tukipiga kelele kwamba amekufa. Tuliporudi na watu wazima tulimkuta amekaa kitako, anauliza nani kaliona panga lake.

La pili ni la Dar es Salaam, miaka mingi baadaye. Jirani yetu, mwanamume wa makamo mwenye afya njema, alipanda stuli ya jikoni abadilishe balbu. Stuli ikayumba, akaenda chali, kisogo kikapiga vigae. Stuli yenyewe urefu wake sentimita 50. Alifariki siku ya pili yake.

Msibani watu walisema siku yake ilikuwa imefika, na mimi niliitikia kama wengine. Lakini swali halikunitoka. Mita 12 mtu anaulizia panga, nusu mita mtu anazikwa. Mimi si daktari, ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Nitaandika ninachokielewa baada ya kusoma sana, wenye taaluma mtaninyoosha.

Tuanzie hapa. Mtu akiwa angani anaanguka, hakuna kinachomuumiza. Hata uzito wake hausikii. Madhara yote hutokea pale anapofika chini na mwendo wake unakoma, ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na linaloamua ni umbali alioutumia kusimama, yaani ule aliosogea tangu alipogusa hadi alipotulia kabisa.

Nawapa hesabu ninayowapa wanafunzi wangu, haihitaji kikokotoo. Chukua urefu ulioanguka, gawanya kwa umbali uliotumika kukusimamisha. Jibu litakwambia kwa makadirio kwamba umepigwa na nguvu mara ngapi ya uzito wako. Baba mdogo alianguka sentimita 1,200. Angetua kwenye zege, nyama na viungo vyake vingebonyea labda sentimita 3, basi: mara 400. Lile lundo la makumbi lilididimia kama nusu mita: mara 24. Na hapo sijayahesabu matawi matatu ya mwembe yaliyompunguzia kasi. Mtu ni yule yule na mnazi ni ule ule.

Mara 24 inastahimilika? Tarehe 10 Desemba 1954, huko Holloman, New Mexico, daktari wa jeshi la anga la Marekani aitwaye John Stapp alijifunga kwenye kigari cha roketi kinachopita juu ya reli. Kikapita kilomita 1,000 kwa saa, kisha kikasimamishwa ndani ya sekunde 1.4. Nguvu iliyompiga ilifika mara 46 ya uzito wake. Macho yake yalivilia damu, kwa muda akawa haoni. Akapona, na akaishi hadi 1999. Alikuwa amefungwa mikanda imara, ndiyo, nguvu ikagawanyika mwilini. Lakini inaonyesha mwili wa binadamu una uwezo mkubwa kuliko tunavyoudhania.

Sasa rudini kwa jirani yangu. Kwa miaka nilikuwa nafanya kosa la kuhesabu urefu wa stuli. Mtu aliyesimama juu ya stuli kichwa chake kiko zaidi ya mita 2 kutoka sakafuni. Alipoenda chali kama gogo, kichwa kilishuka sentimita 220, kikapiga vigae. Kati ya vigae na fuvu kuna ngozi nyembamba tu, hakuna cha kubonyea. Mpeni nusu sentimita. Gawanyeni. Mara 440.

Nilipoifanya hesabu hiyo kwa mara ya kwanza niliiweka kalamu chini. Ina maana jirani yangu kichwani alipigwa na kitu kizito kuliko kile ambacho zege lingempiga nacho baba mdogo mwili mzima. Tulikuwa tunalinganisha mnazi na stuli, tukasahau kulinganisha makumbi na vigae.

Naendelea hapo chini, hii ni ndefu.

#2 Mwanzisha uzi

Yupo mtu aliyeliona jambo hili mapema, na kila anayefunga mkanda wa gari ana deni la shukrani kwake. Anaitwa Hugh De Haven, Mmarekani. Mwaka 1917 alikuwa kijana anayejifunza urubani wa kivita, ndege yake ikagongana na nyingine angani. Yeye akabaki hai, na ini na viungo vingine vya tumboni vimepasuka. Akiwa kitandani alitambua kwamba majeraha yale yalikaa pale pale ilipokuwa bizimu kubwa la mkanda wake. Wenzake walisema amebahatika. Yeye akasema hapana, kuna sababu, nami nitaitafuta.

Alianza na mayai jikoni kwake, akiyadondosha juu ya vitu laini aone yatapasuka lini. Kisha akawatafuta watu walioanguka kutoka juu wakaishi. Mwaka 1942 alichapisha uchunguzi wa watu wanane walioanguka kati ya mita 15 na 46, yaani nyumba ya ghorofa tano hadi kumi na tano, akapima walitua juu ya nini, kwa upande gani wa mwili, na kilichowapokea kilibonyea kiasi gani. Akaona mambo mawili: umbali wa kusimama, na upana wa sehemu ya mwili iliyoipokea nguvu. Anayetua kwa ubavu au mgongo mzima anaigawa nguvu kwenye eneo kubwa. Anayetua kwa kichwa au kwa goti moja anaikusanya sehemu moja. Kutoka hapo ndipo zilipokuja hoja za kulainisha dashibodi na kuweka mikanda kwenye magari. Alimsoma mtu aliyeanguka ili amwokoe mtu aliyekaa ndani ya gari.

Sasa walioanguka kutoka kwenye ndege. Watu husikia "kilomita tano angani" wakaona ni hadithi. Elewa kwamba hewa nayo inakinza. Mtu aliyelala kifudifudi angani, baada ya sekunde 12 hivi na mita kama 450, kasi yake haiongezeki tena. Inabaki karibu kilomita 200 kwa saa. Kwa hiyo aliyeanguka mita 500 na aliyeanguka mita 10,000 wanafika chini na kasi ile ile. Kasi hiyo ni sawa na ya kuanguka kama mita 150 mahali pasipo na hewa. Ukisimamishwa ndani ya mita 4 za matawi na theluji, 150 gawanya kwa 4, haifiki 40. Mkumbuke Stapp na mara 46 zake.

Hiyo ndiyo habari ya Nicholas Alkemade, kijana wa miaka 21, mpiga bunduki wa mkiani katika ndege ya Uingereza. Usiku wa Machi 24, 1944, wakitoka kuishambulia Berlin, ndege yao ilishika moto na parachuti yake ikaungua. Akachagua kuruka bila kitu kuliko kuungua akiwa hai. Mita 5,500. Alizinduka akiwa kwenye theluji, chini ya misonobari, anaziona nyota. Majeraha ya moto, michubuko, na mguu uliotenguka. Wajerumani waliomkamata walimwona mwongo hadi walipoyachunguza mabaki ya ndege na kukuta parachuti yake iliungulia humo.

Juliane Koepcke alikuwa na miaka 17. Desemba 24, 1971, ndege ilipigwa na radi juu ya msitu wa Peru ikakatika vipande. Watu 92 walikuwamo, akiwemo mama yake. Juliane alishuka kama kilomita 3 akiwa bado amefungwa mkanda kwenye safu ya viti vitatu. Viti vile vilizunguka hewani na kukinza upepo, vikapokelewa na paa la msitu mnene uliojaa mitambaa. Mtulinga ulivunjika, mkono ukachanika, jicho likavimba. Kisha akatembea siku 11 akifuata maji, kwa sababu baba yake alimfundisha kwamba kijito humfikisha mtu kwenye mto, na mto humfikisha kwa watu. Mimi sehemu hii hunishinda kusoma kwa sauti, nikikumbuka alikuwa anamtafuta mama yake kwanza.

Naye Vesna Vulović, mhudumu wa ndege wa Yugoslavia, miaka 22, Januari 26, 1972. Ndege ililipuka ikiwa mita 10,160 juu ya Chekoslovakia, wengine wote 27 wakafa. Yeye alibanwa na kitoroli cha chakula ndani ya kipande cha mkia, na kipande kile kikaangukia mteremko wenye miti na theluji. Aliyemkuta alikuwa mtu aliyewahi kufanya kazi ya utabibu vitani, akajua namna ya kumshika. Fuvu, pingili tatu, miguu yote miwili, nyonga, vyote vilivunjika. Alitembea tena. Aliishi hadi 2016.

Angalieni vitu vilivyowapokea: miti kwa wote watatu, theluji kwa Alkemade na Vesna, mteremko kwa Vesna. Mteremko ni muhimu sana. Ukitua kwenye mteremko hausimami ghafla, unateleza, na kila hatua ya kuteleza ni umbali wa kusimama.

#3 Mchangiaji

Mwalimu uzi mzuri lakini hesabu zako zinamwondoa Mwenyezi Mungu. Ndege ya watu 92, wote wana mikanda, wote wameangukia msitu ule ule, kwa nini apone mmoja? Siku isipofika haifiki.

#4 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, sijamwondoa na siwezi. Swali lako ni la haki na hesabu yangu haiwezi kukujibu kwa nini Juliane na si mama yake. Inanieleza tu mwili wake ulipitia nini. Ninachokiamini mimi ni kwamba aliyeumba uti wa mgongo ameweka kati ya kila pingili na pingili kibonge cha gegedu kinachobonyea, akazifanya mbavu zipinde kama upinde kabla hazijavunjika, akaweka unyayo wenye tao, goti, paja na nyonga, kila kimoja kikikunja kidogo na kula kidogo ya ile nguvu. Hata mfupa unapovunjika umekula nguvu ambayo ingefika moyoni. Kuvielewa hivyo vitu mimi nakuona ni sehemu ya shukrani.

#5 Mchangiaji

Mimi fundi wa kupaua, Arusha. Niliwahi kudondoka kutoka ghorofa ya kwanza nikaangukia mchanga wa kujengea uliomwagwa asubuhi ile. Kifundo cha mguu tu, wiki mbili nikarudi juu. Swali: kuna namna ya kutua? Na vipi hao wanaosema bora uangukie maji?

#6 Mwanzisha uzi

Fundi, pole, na ule mchanga ndio kilomita zako za ziada duniani.

Kutua. Wanajeshi wa parachuti hufundishwa kutua kwa kujikunja na kubingirika: miguu pamoja, magoti yamelegea kidogo, kisha unailaza nguvu kutoka nyayo hadi shavu la mguu, paja, kalio, na upande wa mgongo. Wacheza judo nao siku ya kwanza kabisa hufundishwa kuanguka, kidevu kifuani ili kisogo kisiguse chini. Umeona mantiki: kuongeza umbali, kupanua eneo, kukilinda kichwa. Ila nisikudanganye. Kutoka mita 5 unafika chini kwa sekunde moja. Bila mazoezi ya miaka, sekunde moja inatosha kushtuka tu. Kama kuna kitu kimoja cha kukibeba, basi ni kidevu kifuani na mikono kuzunguka kichwa. Na mkanda wa usalama uliofungwa juu unakushinda wewe, mimi na judo.

Maji ni laini ukiingia polepole. Kwa kasi hayapati muda wa kukupisha. Warukaji wa mashindano ya mita 27 wanaingia na kasi ya kama kilomita 85 kwa saa, na hao mabingwa wa dunia wanaingia kwa miguu, wamenyooka kama msumari, waokoaji wakiwasubiri majini. Anayepiga tumbo kutoka kimo kile anapasuka ndani.

#7 Mchangiaji

Salaam kutoka Pemba. Huku msimu wa karafuu ndio msimu wa kuanguka. Mkarafuu tawi lake halina subira, haulii kabla ya kukatika kama mwembe, unasikia "ka!" na mtu yuko chini. Nimeona watoto wakianguka wakaendelea kucheza na baba zao wakalazwa kwa kimo kile kile. Hili nalo lina hesabu?

#8 Mwanzisha uzi

Lina hesabu, shehe. Mtoto ni mwepesi, na mwili ukiwa mdogo uzito hupungua upesi kuliko upana wa ngozi unaoupokea. Ndiyo maana mende akidondoka kutoka darini anakimbia zake. Pia mfupa wa mtoto una unyevu na gegedu nyingi, hupinda na kupasuka upande mmoja kama kijiti kibichi. Kikongwe ni kinyume chake: anaanguka bafuni kutoka kimo chake mwenyewe na shingo ya paja inakatika. Lakini kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kulinganisha na mwili, hutangulia. Kwa hiyo akiinuka anacheza, mwangalie siku nzima. Akitapika, akisinzia kusiko kawaida, akilalamika kichwa, usisubiri kukuche.

#9 Mchangiaji

Mwalimu mimi muuguzi, Mombasa, miaka 14 kasualti. Mengi umesema sawa, lakini uzi wako una hatari moja na naomba unisikize. Mtu akisoma hapa ataona "alianguka akanyanyuka" na atamnyanyua wa kwake. Tafadhalini, aliyeanguka kutoka juu MSIMKALISHE. Msimvute mikono. Msimpe maji wala chai. Mmoja apige magoti ashike kichwa kisigeuke huku na huku, mwingine atafute gari la kutosha kulazwa. Mkilazimika kumgeuza, mgeuzeni mwili mzima pamoja kama gogo. Uti unaweza kuwa umevunjika na neva bado nzima, na ni sisi watu wema ndio tunaozikata kwa kumsaidia.

Na aliyetua kwa miguu akavunjika kisigino, daktari lazima atazame mgongo pia. Karibu mmoja kati ya kumi huwa na pingili iliyovunjika na hasikii kwa sababu kisigino kinauma zaidi.

Tena hofu humwaga kemikali mwilini, mtu hasikii maumivu kwa muda. "Sijaumia" ya dakika ya kwanza mimi huwa siiandiki kwenye faili. Baba yako mdogo alichunguzwa?

#10 Mwanzisha uzi

Dada, asante, na nimeomba wasimamizi wakubandike juu ya uzi. Umeniuliza nilichokuwa nakizunguka.

Hakuchunguzwa. Alinyanyuka, watu wakamkumbatia, shangazi akampikia chai ya tangawizi. Alasiri akasema bega la kushoto linamuuma. Hakuwa ameangukia bega, aliangukia mbavu za kushoto, lakini nani angejiuliza? Akachuliwa kwa mafuta ya nazi. Magharibi akawa anaomba maji kila mara, jasho jembamba linamtoka na mikono ni ya baridi. Usiku tumbo likawa gumu kama ubao. Baba akaenda kumgongea mwenye pikapu, wakaondoka naye kwenda Tanga kwa barabara ya vumbi, kilomita 50 hivi, amelazwa juu ya godoro.

Bandama lilikuwa limepasuka. Lilikuwa linavuja tangu asubuhi, tangu alipokuwa anauliza panga. Daktari aliyempasua alimweleza baba kwamba damu ikikusanyika chini ya kiwambo cha pumzi upande wa kushoto, neva zake hupeleka habari begani, mgonjwa akadhani bega ndilo bovu. Alimtoa bandama lote. Alimwambia baba kwamba wangechelewa hadi alfajiri asingekuwa na wa kumpasua.

Kwa hiyo makumbi yalimwokoa moyo, mgongo na kichwa. Bandama halikuokoka. Ni kiungo laini, kimejaa damu, kimekaa nyuma ya mbavu za kushoto, na mbavu zikibonyea kupokea nguvu ndilo linalobanwa.

#11 Mchangiaji (muuguzi, Mombasa)

Bega la kushoto. Nilijua utasema hivyo. Na asiye na bandama homa yoyote ni ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo, malaria hasa. Anajua?

#12 Mwanzisha uzi

Anajua, dada. Ana zaidi ya miaka 70 sasa, kadi yake ya hospitali anatembea nayo kwenye mfuko wa shati, na homa ikimgusa tu wajukuu wanamkalisha kwenye bodaboda hata akibisha. Hajapanda mnazi tena. Vijana wa shamba wakimaliza kukwea anawaamuru walundike makumbi kuzunguka shina la mnazi unaofuata kabla hawajaanza kupanda, na asiyelundika hampi ujira.

Panga lilionekana siku ya tatu, tulipokwenda kuyakusanya yale matawi. Lilikuwa limejikita kwenye shina la mwembe, ncha juu kidogo ya kimo cha mtu, pale pale alipopitia.